Hukwe Ubi Zawose: Safari ya Wimbo wa Kigogo kutoka Jukwaa la Taifa hadi Gitaa la Umeme

1.0 Utangulizi

Katika historia ya santuri duniani, muziki wa ala tupu una nafasi ya pekee kwa sababu moja iliyo wazi: haumdai msikilizaji ajue lugha yoyote. Mwaka 1962 Telstar, muziki uliotengenezwa na Joe Meek katika nyumba ya kupanga jijini London na kupigwa na kundi la Tornados, ulishika nafasi ya kwanza katika orodha za mauzo za Uingereza na kisha Marekani, bila kumwambia mtu neno. Kabla ya hapo, mwaka 1954, Marekani ilikuwa imekwisha kuipokea Skokiaan, muziki wa saksofoni wa August Musarurwa na wenzake wa Rodesia ya Kusini. Inafaa ikumbukwe kwamba Skokiaan haikuachwa bila maneno kwa muda mrefu. Mwaka huohuo ilitungiwa mashairi ya Kiingereza huko Marekani, na jina ambalo kwa Musarurwa lilikuwa la pombe ya magendo likageuzwa kuwa sehemu ya picha ya Afrika ya kufikirika yenye starehe. Ala zilivuka bahari, lugha ikabaki bandarini, na ng'ambo ya pili ikapachikwa lugha nyingine mahali pake.

Maisha ya Hukwe Ubi Zawose (1938–2003), msanii wa Kigogo aliyeishi na kufia Bagamoyo, yanaleta suala hilohilo kwa sura iliyopinduliwa. Zawose hakuwa mpigaji wa ala tupu. Alikuwa mtunzi na mwimbaji ambaye ilimba na zeze vilikuwa vyombo vya kusindikizia maneno yake. Hata hivyo, sehemu kubwa ya waliomshangilia, tangu Dar es Salaam ya miaka ya 1960 hadi kumbi za Marekani mwaka 2002, walimsikiliza kana kwamba maneno yale yalikuwa sauti za ala nyingine. Wengi waliozungumzia albamu yake ya mwisho yenye sifa, Assembly, aliyoirekodi pamoja na mpiga gitaa Michael Brook, wamekuwa wakiuliza kama gitaa la umeme liliuharibu muziki wa Kigogo au liliuokoa. Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo limechelewa. Wimbo wa Kigogo ulianza kupoteza maneno yake nyumbani, jukwaani, katika mkoa wa pwani, miongo mitatu na zaidi kabla ya gitaa hilo kuguswa.

2.0 Kutoka Ugogo hadi pwani

Zawose alizaliwa katika Ugogo, eneo la Dodoma, katika nchi kavu ya wafugaji na wakulima wa mtama na uwele. Alichunga ng'ombe kama vijana wengine wa huko, na muziki aliurithi kwa baba yake. Kurithi huku hakukuwa jambo la kukaa darasani: kijana alisikiliza, akaiga, akachonga cha kwake, akakosolewa kwa kuchekwa.

Ala aliyojulikana kwayo zaidi ni ilimba. Mswahili wa pwani akiiona ataiita marimba ya mkono, na hapo hakosei hata kidogo, kwani maneno hayo mawili ni ndugu. Mzizi ni mmoja. Kigogo kimeuvika kiambishi cha umoja cha ngeli ya tano, Kiswahili kikauacha katika wingi wa ngeli ya sita. Vivyo hivyo izeze ya Kigogo na zeze la Kiswahili. Ilimba ni sanduku la mbao lililopangiwa vyuma vyembamba vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Vile vikubwa alivyovipiga Zawose vilikuwa na vyuma vingi mno kwa mtu mmoja kuvibonyeza vyote, wala havikukusudiwa kubonyezwa vyote. Vyuma vya katikati haviguswi. Huitikia vyenyewe pale vinapopigwa vile vya pembeni vyenye sauti inayolingana navyo. Katika matundu ya sanduku hubandikwa utando wa buibui, ule mgumu unaofunika mayai yake, ili sauti itoke na mvumo wa kukwaruza. Mhandisi wa sauti asiyejua atadhani kipaza sauti kina hitilafu. Kumbe mvumo huo ndio unaotafutwa, na fundi asiyeupata hurudi kutafuta buibui mwingine.

Jambo la pili linalohitaji kuelezwa mapema ni mpangilio wa sauti, kwa sababu ndilo litakalorudi gitaa litakapoingia. Sauti yoyote ya uzi au ya koo hubeba ndani yake sauti nyingine za juu zenye mitetemo mara mbili, mara tatu, mara nne, na kuendelea. Muziki wa Wagogo umejengwa juu ya sauti hizo za ndani, kuanzia ya sita hadi ya kumi. Kwa kuwa uwiano wa sita kwa saba ni mpana kuliko wa saba kwa nane, na huo ni mpana kuliko wa nane kwa tisa, ngazi ya Kigogo ina vidato vinavyozidi kufupika kadiri mtu anavyopanda. Piano, kwa upande wake, imekata ngazi yake katika vidato 12 vilivyo sawasawa. Sauti ya saba ya Wagogo haipo katika piano; iko chini ya ile iliyo karibu nayo kwa kiasi cha theluthi moja ya kidato. Sikio lililozoea kinanda cha kanisani husema Wagogo wanaimba chini kidogo. Ukweli ni kwamba kinanda ndicho kilichohama.

Zawose alikuwa pia na koo la ajabu. Aliweza kushuka hadi sauti nzito ya kifuani na kupanda hadi sauti nyembamba ya kike ndani ya pumzi moja, huku njuga zikilia miguuni. Sifa hiyo ndiyo iliyomfikisha pwani. Katika miaka ya 1960 Rais Julius Nyerere alimwita aje kuishi na kufanya kazi Dar es Salaam, na tangu hapo maisha yake yakawa ya mkoa wa pwani, hatimaye Bagamoyo.

Kuna kinaya cha kihistoria katika safari hiyo. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilianzia Bagamoyo na Kaole, ikapita Ugogo, na kila msafara uliokwenda Unyanyembe ulilazimika kusimama kwa watemi wa Kigogo na kulipa hongo ndipo uruhusiwe kupita na kunywa maji. Mali ya pwani iliacha sehemu yake Ugogo. Karne iliyofuata Mgogo alishuka kwa njia hiyohiyo hadi mwisho wake baharini, na safari hii kilicholipwa njiani kilikuwa chake.

3.0 Jukwaa la taifa na lugha ya wimbo

Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri, Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka uliofuata likaanzishwa Kundi la Ngoma la Taifa. Nia ilikuwa njema na ilieleweka: wakoloni walikuwa wamewafunza wasomi kuzionea haya ngoma za kwao, na sasa ngoma hizo zilipaswa kupewa heshima ya serikali. Lakini namna ya kutoa heshima hiyo ilikuwa na gharama yake. Ngoma iliyokuwa ikichezwa usiku kucha baada ya mavuno au katika jando ilitolewa katika wakati wake, ikafupishwa kuwa ya dakika chache, ikapangwa katika mstari unaowatazama wageni wa serikali, kisha ikafuatwa na ngoma ya kabila jingine. Ngoma ya muheme, ambayo kwa Wagogo ni ya wanawake na ndiyo inayowafanya wanawake kuwa wapigaji hodari wa ngoma, ilisimama jukwaani karibu na sindimba ya Wamakonde bila ya yeyote kueleza ni nani anaruhusiwa kupiga nini na lini.

Kilichobaki baada ya ufupisho huo ni mdundo, mavazi na mwendo wa mwili. Maneno hayakuondolewa kwa amri, yalibaki yakiimbwa. Ila yaliimbwa mbele ya hadhira isiyoyaelewa, katika taifa lililokuwa likijenga, kwa sababu nzito na za haki, lugha moja ya kuwaunganisha wote. Mtazamaji wa Dar es Salaam aliyesikia Kigogo alisikia kile kile ambacho baadaye angekisikia mtazamaji wa Uingereza: sauti nzuri isiyo na habari ndani yake. Pale maneno yalipohitajika kueleweka, yaani katika kulisifu taifa na viongozi wake, yalitungwa kwa Kiswahili. Hivyo ndivyo lugha mbili zilivyogawana kazi katika wimbo mmoja: Kiswahili kikabeba ujumbe na Kigogo kikabeba uzuri. Mgawanyo huo haukuandikwa katika sera yoyote, na pengine ndiyo sababu haujachunguzwa vya kutosha na wanaisimujamii, ambao wamezoea kuitafuta sera ya lugha katika nyaraka za wizara badala ya kuitafuta katika nyimbo.

Mwaka 1981, baada ya vikundi vya sanaa vya taifa kuvunjwa, kilianza Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Zawose alikuwa miongoni mwa walimu wake. Bagamoyo haikuwa mji wa Wagogo. Ni mji wa Wakwere, Wazaramo na Waswahili, wa kasida, maulidi na vanga. Wanafunzi waliotoka mikoa yote walijifunza kwake ilimba na zeze kwa Kiswahili, na nyimbo za Kigogo walizikariri kwa masikio. Kwa upande mmoja hilo liliipa ilimba uhai nje ya Ugogo ambao isingeupata vinginevyo. Kwa upande mwingine liliimarisha kile kilichoanzia Dar es Salaam: ala iliweza kufundishwa kwa asiye Mgogo, shairi halikuweza. Zawose mwenyewe hakuonekana kuhangaishwa na hilo. Aliishi Bagamoyo na ukoo mkubwa wa wake, watoto na ndugu, na nyumbani kwake hadhira iliyoelewa kila neno ilikuwepo siku zote.

Majina ya albamu zake ni ushahidi mzuri wa mgawanyo huo wa lugha. Ya kwanza kuvuma nje ilitolewa London mwaka 1985 na kampuni ndogo ya Triple Earth, akiwa na Dickson Mkwama na Lubeleje Chiute. Ikaitwa Tanzania Yetu. Mwaka 1987 ikafuata Mateso. Majina yote mawili ni ya Kiswahili, na la kwanza ni la kitaifa waziwazi: wasanii wanatambulishwa kwa nchi yao, si kwa kabila lao. Mwaka huohuo wa 1987 wamiliki wa kampuni ndogo za santuri walikutana London na kukubaliana kuziweka santuri za namna hii katika kabati moja la duka kwa jina la muziki wa dunia. Lilikuwa jina la kibiashara tu, lakini lilibadili mizani. Mnunuzi wa kabati lile hakutafuta taifa, alitafuta asili. Mwaka 1996, Zawose alipotoa albamu na kampuni ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel, jina lake lilikuwa Chibite. Neno hilo ni la Kigogo na Mswahili makini hahitaji kamusi kulifumbua: kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi, mzizi ulio ndugu wa -pita, na irabu ya dhamira tegemezi. Maana yake ni twende. Ilibidi Zawose afike Uingereza ndipo Kigogo kipate kuandikwa juu ya jalada.

4.0 Kuundwa kwa Assembly

Real World, iliyoanza 1989, ina studio katika kijiji cha Box, Wiltshire, magharibi mwa Uingereza. Huko ndiko desturi ya kampuni hiyo ya kuwakutanisha wasanii wa mabara mbalimbali ilikomaa, na miongoni mwa waliotumika sana katika mikutano hiyo alikuwa Michael Brook, Mkanada. Brook alikuwa amebuni gitaa la umeme lenye saketi inayourudishia uzi mtetemo wake wenyewe, hata sauti ikaendelea kulia bila kukoma kwa muda wote anaoutaka mpigaji. Mojawapo ya magitaa hayo lilitengenezwa kwa ajili ya mpiga gitaa wa kundi la U2 na kusikika katika wimbo wao maarufu wa 1987, With or Without You. Kwa hiyo aliyekutana na Zawose hakuwa mtafiti wa ngoma bali mtu wa roki, mwenye sikio la studio.

Brook alikuwa pia amekwisha kupata somo gumu juu ya maneno. Mwaka 1990 alitengeneza albamu ya Mustt Mustt pamoja na Nusrat Fateh Ali Khan, bingwa wa kawali wa Pakistani. Katika kukata na kuunga utepe, vifungu vya maneno vilikatwa katikati, na kwa asiyejua Kiurdu wala Kipunjabi havikuwa na tofauti na silabi za kupigia mdundo. Kwa Nusrat vilikuwa maneno ya ibada yaliyovunjwa maana, naye alilalamika. Albamu yao ya pili, Night Song ya 1996, ilifanywa kwa uangalifu zaidi. Tukio hilo lafaa kuzingatiwa na kila anayetaka kuelewa Assembly, kwa sababu linaonyesha kwamba mkasi wa studio hufanya kwa sekunde moja kile ambacho jukwaa la taifa lilikifanya kwa miaka.

Assembly ilitolewa 2002. Msingi wake ni uimbaji na upigaji wa Zawose, na juu ya huo Brook alijenga magitaa, besi na midundo ya mashine. Ugumu wa kazi hiyo uko katika mambo mawili, na yote mawili yametokana na tabia za ala zenyewe.

La kwanza ni uhai wa sauti. Chuma cha ilimba kikibonyezwa hulia na kufa papo hapo. Ndiyo sababu mpigaji hasimami, huzunguka na kuzunguka katika mifumo mifupi inayopishana kati ya gumba la kulia na la kushoto, na vyuma vya katikati humsaidia kwa kuitikia. Gitaa la Brook ni kinyume chake kabisa: sauti yake haifi. Ukiviweka vitu hivi viwili pamoja bila busara, kimoja kitakimeza kingine. Kinachosikika katika sehemu bora za albamu ni gitaa likichukua nafasi ambayo katika muziki wa Kigogo ni ya zeze, yaani uzi unaovuta sauti ndefu chini ya sauti fupi fupi. Nafasi hiyo ilikuwepo tayari. Gitaa halikuibuni, liliikalia.

La pili ni ile ngazi ya vidato visivyo sawa. Shingo ya gitaa imegawanywa kwa vyuma vya kukingama kufuata hesabu ya piano. Mpiga gitaa akikusanya sauti tatu au nne kwa pamoja, kama ilivyo kawaida katika roki, atagongana na sauti ya saba ya Zawose na mmoja wao ataonekana amekosea. Njia zilizo wazi ni mbili: kuvuta uzi kwa kidole hadi ufike pale koo la mwimbaji lilipo, au kushikilia sauti moja ya msingi na kumwachia mwimbaji ngazi yote iliyo juu yake. Njia hiyo ya pili inakubaliana na mantiki ya Kigogo, kwa sababu sauti zote za Kigogo huzaliwa na msingi mmoja. Hivyo gitaa lisilokoma, lililobuniwa kwa mahitaji mengine kabisa, lilikuwa ala ya kufaa kuliko gitaa la kawaida. Penye udhaifu ni katika midundo ya mashine. Mahali pengine mashine inahesabu nne kwa nne kwa ukaidi, wakati vidole vya Zawose vinahesabu mbili na tatu kwa pamoja, na msikilizaji analazimishwa kuchagua upande.

Na maneno? Hayakubadilishwa kama ya Skokiaan. Hayakutungiwa Kiingereza. Zawose aliimba kama alivyokuwa akiimba Bagamoyo. Hata hivyo jina la albamu ni la Kiingereza, lenye maana mbili za kukutanika kwa watu na kuunganishwa kwa vipande, na maana zote mbili zinahusu namna albamu ilivyotengenezwa. Hakuna inayohusu kilichoimbwa. Tanzania Yetu, Chibite, Assembly: katika miaka 17 jalada lilipita kutoka lugha ya taifa kwenda lugha ya mama, kisha lugha ya soko, na ndani ya jalada mtu ni yuleyule.

Mapokezi ya Assembly yalikuwa ya aina mbili, na hayakuwahi kukutana. Ng'ambo, albamu haikuuzwa kama Telstar wala haikutarajiwa kuuzwa hivyo, lakini ilimfungulia Zawose milango ambayo msanii wa asili wa Tanzania hakuwa amefunguliwa kabla. Mwaka huohuo wa 2002 yeye na Charles Zawose, mtoto wa nduguye, walisafiri Amerika ya Kaskazini wakifungua maonyesho ya Peter Gabriel katika kumbi kubwa za michezo, mbele ya hadhira ya roki iliyokuja kumwona mtu mwingine. Sifa alizopewa huko zilielekezwa kwenye koo: upana wake, urefu wake, ugeni wake. Kumsifu mtunzi kwa koo lake pekee ni kama kumsifu mshairi kwa mwandiko mzuri.

Nyumbani, miaka hiyo ilikuwa ya redio binafsi, zilizoanza kuenea kuanzia 1994, na ya Bongo Fleva. Vijana wa Dar es Salaam walikuwa wamegundua kwamba muziki wa mashine unaweza kubeba Kiswahili cha mtaani, chenye maneno mengi kuliko muziki wowote uliotangulia. Kwao neno lilikuwa kila kitu. Muziki wa Zawose, ambao jukwaa la taifa lilikuwa limekwisha kuuzoesha umma kuusikiliza bila maneno, haukuwa na la kuwaambia katika mashindano hayo. Ni rahisi kuwalaumu vijana kwa kupenda ya kigeni. Ni vigumu zaidi, lakini ni haki zaidi, kuuliza ni lini waliwahi kupewa tafsiri ya wimbo mmoja wa Kigogo.

5.0 Baada ya 2003

Zawose alifariki dunia Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, mwaka mmoja tu baada ya safari ile ya Amerika. Charles, aliyetegemewa kuwa mrithi wake, alifariki mwaka 2004. Kwa muda ilionekana kwamba ukoo umepoteza sauti yake, lakini nyumba ile ya Bagamoyo ilikuwa na watu wengi mno kwa ilimba kunyamaza. Mwanawe Msafiri Zawose alitoa albamu ya Uhamiaji mwaka 2017, akiuchanganya muziki wa Kigogo na vyombo vya kielektroniki.

Mabadiliko makubwa zaidi yalitoka upande usiotarajiwa. Enzi za Zawose wanawake wa ukoo walipiga muheme na kuitikia nyuma. Ilimba na zeze vilikuwa vya wanaume, na uimbaji wa mbele vilevile. Mwaka 2024 Pendo Zawose, binti yake, na Leah Zawose, mjukuu wake, walitoa na Real World albamu iitwayo Maisha, kwa jina la Zawose Queens. Humo wanawake hao ndio watunzi na waimbaji wakuu, na ilimba na zeze vimo mikononi mwao wenyewe.